Kwa Baba, Aliyeifuata Bendi Yake Ng'ambo ya Mpaka

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua hii haina bahasha kwa sababu sijui anwani yako. Nampa Idrisa, dereva wa lori la dukani, amwoneshe yeyote anayewajua wale wapiga magitaa wa bendi yako. Idrisa ndiye aliyetuambia kwamba alikuona Mbala, ng'ambo ya mpaka, umejitwika spika lao, unacheka. Mama alimuuliza mara mbili, "Anacheka?" Kisha akaingia ndani.

Sielewi, Baba. Mwalimu hutufundisha kuandika jambo tunalolijua, nami leo naandika nisilolijua.

Nakumbuka siku tulipohamia kijiji hiki cha ujamaa. Wenzetu walipakia vyungu na kuku. Wewe ulipakata santuri za bendi yako ya roki, umezifunga ndani ya blanketi la Mama. Tulipofika, Mama akagundua jiwe lake la kusagia ulezi limebaki kule.

"Jiwe umeacha, magitaa umebeba!"

"Mke wangu, mawe yapo kila mahali. Hawa wapo wanne tu dunia nzima."

Mama alikasirika, lakini niliona anauma mdomo ili asicheke. Msimu mzima alisagia kwa jirani.

Uliniambia uliwasikia mara ya kwanza ukiwa kijana, kibarua kwenye migodi ya shaba, kabla hujamwoa Mama. Tangu hapo hukuwaacha. Betri za gramafoni yako zikiisha nguvu ulizianika juani kando ya maharage, na ukiwa shambani Mama ndiye aliyezigeuza, huku akinung'unika, "Watu wenyewe hata hawamjui."

Kisha redio ikasema watapiga muziki Mbala kwa mara ya mwisho, halafu wanaachana. Ulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ruhusa ya siku tatu. Mimi nilikuwa nimekushikia baiskeli. Ulimwambia, "Ndugu yangu yu mahututi." Sikusema kitu. Mpaka leo sijui kama kunyamaza kwangu kulikuwa heshima au uongo.

Siku tatu zikawa wiki tatu; Idrisa alisema kuaga kwao hakuishi. Majirani wakaanza kuleta unga, kama ilivyo kawaida kwa nyumba yenye mgonjwa. "Mgonjwa anaendeleaje?" Mama alijibu, "Hali si nzuri." Angejibu nini? Jumapili, baada ya misa, kina mama wakaja wamejifunga kanga kiunoni, wakaketi mkekani. Mama Skola wa nyumba ya pili alidhani tunaficha msiba. Akaanza kulia. Wote wakalia, na Mama naye akalia. Alilia kweli, Baba. Sijui alilia kwa aibu au alikulilia wewe. Sikuthubutu kumuuliza.

Mara akajifuta uso. "Nyamazeni. Hakuna mgonjwa. Mume wangu amefuata bendi."

"Bendi?" Mama Skola akashangaa. "Na unga wetu?"

"Uko pale. Chukueni."

Walicheka mpaka wakaegemeana. Mama pia alicheka, machozi hayajakauka. Hakuna aliyegusa unga. Kicheko kilipotulia, Mama Skola akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa dada, unamsubiri mtu wa namna hiyo?"

"Nilimkuta yuko hivyo hivyo," Mama akasema. "Namsubiri."

Jumatatu nakwenda Sumbawanga kuanza sekondari, nitakaa bweni. Nilitaka wewe ndiye unifungie sanduku kwenye baiskeli na kunisindikiza hadi barabarani. Nina hasira, lakini sijui mtu humkasirikiaje baba aliyeonekana akicheka. Jana kisimani nilijikuta naimba wimbo wao. Niliona haya, nikanyamaza, kisha nikaendelea.

Kama huwezi kufika kabla ya Jumatatu, fika hata baada yake. Nenda kwanza kwa mwenyekiti ukamwambie ukweli, maana ameshausikia. Ukiingia nyumbani, usianze kuwasifu wale watu. Muulize Mama habari za hapa, umsikilize mpaka mwisho, hata akikugombeza mpaka ugali upoe. Akimaliza, kaa kimya tu. Nadhani atakuuliza mwenyewe waliimbaje.

Mimi ninayekungoja pamoja na Mama,
Binti yako wa kwanza