Breki Niliyokutengenezea, Baba

Baba,

Pikipiki yako imerudi kutoka kituo cha polisi. Siku tuliponyolewa nywele za matanga, wazee walipogawa vitu vyako, pikipiki alipewa Baba mdogo Jairo. Jumatano ameileta hadi kwenye ukuta wa ghala akaniambia niitengeneze breki ya mbele, eti mimi ndiye fundi wa boma. Sijui nianzie wapi. Nimeandika mistari mitatu nikaifuta.

Unakumbuka ile likizo? Oili ilikuwa inavuja kwenye mkono wa breki, inakuchafulia suruali ya kanisani, na Mama anakuuliza kama siku hizi unakaanga mandazi. Ulinisubiri nitoke chuo cha ufundi cha Sigalagala. Mafundi wa Malava uliwakataa kabisa. "Nina fundi wangu," ulimwambia kila mtu, hata wauza sukumawiki ambao hawakuwa wamekuuliza.

Nilikuwa nimemaliza muhula mmoja tu, Baba. Muhula mzima tulisugua vyuma kwa tupa. Breki sikuwa nimefungua hata moja. Kuuliza si ujinga, najua, lakini ulinitazama kwa fahari, ukaniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yako, nami nikaona aibu kusema sijui. Nilikaza nati zote nilizoziona, kuvuja kukakoma. Ikabaki kujaza oili. Dukani ile ya breki ilikuwa imeisha, ukaniletea ya trekta la miwa huku unacheka. "Oili ni oili, mama." Nikamimina. Ukazunguka boma mara mbili, breki ikashika vizuri, ukanipigia makofi.

Haikufika wiki mbili. Kwenye mteremko wa mtoni haikushika, na pale chini palikuwa na trela la miwa limesimama. Breki ya nyuma ilikufa zamani, sote tulijua.

Sasa sikia walichofanya. Kwenye matanga Baba mdogo alisimama mbele ya watu. "Pikipiki imetengenezwa na mtu amesomea," akasema. "Wiki mbili haijaisha, inakosa breki namna gani? Hapo kuna mkono wa mtu." Wote wakamgeukia jirani yetu Mzee Shiundu kwa sababu ya ule ugomvi wa mpaka. Mliumaliza wenyewe kwa kunywa pombe ya busaa pamoja, lakini hakuna aliyetaka kukumbuka hilo. Masomo yangu, Baba, ndiyo yamekuwa ushahidi wa uchawi wake. Mahindi yake yamefyekwa yakiwa mabichi. Mkewe haji tena kisimani watu wakiwepo. Jana vijana wakiongozwa na Baba mdogo wamempa mpaka kesho, Jumapili, awe amehama, la sivyo wataichoma nyumba.

Mimi Alhamisi nilikuwa nimeifungua ile breki. Raba za ndani zimevimba kama maharagwe yaliyolowekwa, na moja imechanika. Niko muhula wa tatu sasa, najua nilichokiona. Oili ya trekta huharibu raba za breki. Hata kwenye kifuniko cha kikopo cha breki imeandikwa itiwe oili ya breki tu, na mimi nilikishika kifuniko hicho mkononi nisisome. Niliketi chini pale ghalani nikakisoma tena na tena.

Si Mzee Shiundu. Ni mimi.

Na wewe pia nina hasira nawe, samahani. Ulijua mtoto wa muhula mmoja si fundi. Ungenicheka kidogo tu, kama ulivyokuwa ukimcheka kila mtu, ningekiri. Halafu nikifikiria hivyo naona namtwika marehemu mzigo wangu, naona haya.

Siku mbili nimekula na watu wa nyumbani bila kuwaambia. Jana usiku huo mpango wa Jumapili umezungumzwa mbele yangu, na Mama akasema, "Aende tu, mimi nipumue." Amekonda, Baba. Kumchukia Mzee Shiundu ndiko kunakomwamsha asubuhi. Nikimwondolea hilo, atabaki na mimi tu wa kumchukia.

Raba nimezifunga kwenye kitambaa, na kifuniko pamoja. Kesho kabla ya ibada nitaziweka mbele ya Baba mdogo na vijana wake, nieleze kama ninavyoeleza darasani. Lakini Mama lazima asikie kwangu kwanza, na namsikia jikoni anasonga obusuma, ugali wetu. Naenda sasa, kabla hajapakua.

Pumzika, Baba. Nakuahidi kesho Mzee Shiundu atalala kwake, hata kama mimi sitalala kwetu.

Binti yako,
Nekesa