Neema na Oksidi ya Nikeli

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Mahindi ya kule shambani, mvua imeyafikia? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Ujerumani inaingia mpaka kwenye meno. Kwenye simu huwa mnaniweka spika, sebule nzima inasikiliza, ndiyo maana hili naliandika.

Kila nikipiga unaniuliza, "Neema wa jirani hajambo? Nasikia anang'ara huko." Ndiyo Mama, anang'ara. Alifika chuoni hapa baada yangu, akapewa meza ya dirishani. Profesa analitamka jina lake vizuri kabisa. Langu bado analitafuna.

Uliwahi kuniuliza tunafanya nini hasa. Kutu unayoiona kwenye bati la jikoni ni chuma kilichoshikana na oksijeni ya hewani. Vitu vya namna hiyo huitwa oksidi. Sisi hatuvishiki kwa mkono; tunazipanga atomi zake ndani ya kompyuta, yenyewe inakokotoa umeme utapitaje. Oksidi yangu ni ya zinki, na imenigomea tangu kiangazi. Ya Neema ni ya nikeli.

Juzi nilimkuta anafuta machozi. Kompyuta inamwambia oksidi yake inapitisha umeme kama waya wa shaba, na maabara walishapima, haipitishi. Kesho yake alitakiwa kuieleza mbele ya wageni. Mama, nilifurahi. Nilichemsha chai, nikawa nainywa taratibu.

"Masanja, hebu njoo uniangalizie," akasema.

Kosa nililiona palepale. Hakuiambia kompyuta kwamba kila atomi ya nikeli ni sumaku ndogo, na ukiliacha hilo, kompyuta hudhani umeme unapita. Nikamjibu, "Sioni kitu," nikarudi kwenye meza yangu. Nilijaribu kufanya kazi, ikanishinda. Nyuma yangu namsikia anavuta kamasi kama mtoto. Mwishowe nikageuka.

"Sumaku, Neema. Umeziacha sumaku."

Alipiga yowe, akaanza upya.

Kesho yake ukumbi mzima ulimpigia makofi. Mimi nimekaa nyuma. Profesa akamuuliza kosa aliligunduaje. Angeweza kujibu lolote. Akaninyooshea mkono: "Ni Masanja, yule pale. Bila yeye leo ningeaibika." Watu wakageuka, wakanipigia makofi na mimi.

Utadhani wivu uliishia hapo. Ndipo ulipozidi, Mama. Kwamba ananizidi akili nilikuwa nimeshaanza kuzoea. Sasa kanizidi na roho. Ningekuwa mimi, nisingemtaja.

Nisalimie baba, asinyanyue magunia peke yake. Msalimie dada Kabula pale Pasiansi na mumewe, na mjomba anayekata tiketi stendi ya Nyegezi. Na ukimwona mama yake Neema hapo Mkolani, mwambie binti yake ni mzima, kazi yake imesifiwa, na amelelewa vizuri. Usiseme umesikia kwa watu. Mwambie ni mimi niliyesema.

Mwanao anayekukumbuka,
Masanja