Bega la Gauni la Kijani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba upesi, maana Jumamosi haiko mbali na akili yangu haijatulia hata kidogo, juzi nimeshona mkono wa kulia wa blauzi ya mteja upande wa kushoto, jambo ambalo halijanipata tangu nilipokuwa najifunza cherehani.

Mimi ni fundi wa nguo za kike, na nina mdogo wangu, tumbo moja, ambaye mama alipofariki nilimlea mwenyewe, naye ndiye yule mtangazaji wa redio mnayemwita Bi Mkasi, anayechambua mavazi ya watu maarufu kila Jumamosi asubuhi. Kila kukiwa na hafla ya hisani, wakubwa wakishapita tu kwenye zulia jekundu na kupigwa picha, yeye huja na picha hizo kwenye simu, tunakaa jikoni kwangu, ananiuliza, "Dada, hii ina nini?" nami namwambia pindo limevuta, zipu kaiweka mtu mwenye haraka, kiuno kimekaa mbavuni, kisha yeye anakwenda kuyatia pilipili hewani. Yule mwanamuziki aliyevaa koti la manyoya, akaitwa kuku aliyenyeshewa mpaka watoto wakamwimbia njiani, yule kuku alitoka jikoni kwangu. Tunacheka sana, sikufichi, na kazi ile ndiyo inayomlisha mdogo wangu na wanawe.

Sasa kuna mwigizaji mmoja ambaye ukiwasha televisheni humkosi. Alikuja dukani kwangu kwa mlango wa nyuma, kajitanda mtandio mpaka puani, akaniomba nifunge pazia, akavua. [Hapa fundi ameandika alichokiona. Nimekikata. – Mshauri] Akaniambia, "Fundi, nataka niende kwenye hafla ile nisimame kama wenzangu, watu wanitazame na wasione kitu. Hata mama yangu hajui." Nikamwapia. Na sisi mafundi vipimo vya mteja ni siri, hata mume akija kuuliza kiuno cha mkewe ili amnunulie zawadi tunamwambia amlete mwenyewe. Basi nikamshonea gauni la kijani, bega la kushoto nikaliinua, ndani nikaweka pamba tabaka juu ya tabaka, na kutoka pale nikashusha mikunjo mpaka nyongani ili jicho lipande, lishuke, lipite, lisitue pale lisipotakiwa. Mshauri, sijawahi kushona kitu kama kile. Alipojiona kwenye kioo alilia, na mimi nikalia huku pini ziko mdomoni.

Akaenda, akapigwa picha, akarudi salama. Kesho yake mdogo wangu huyo jikoni, picha ameikuza mpaka bega limejaa kioo cha simu. "Dada, njoo uone maajabu. Bega moja limepanda mlima, jingine limebaki bondeni. Huyu fundi alikuwa anasinzia?" Ningenyamaza tu, au ningecheka kama siku zote. Lakini nilikuwa namenya vitunguu, nikaweka kisu chini, nikasema, "Fundi huyo hakusinzia. Hilo bega limefanywa makusudi, na asiyejua kushona asiseme."

Akaiweka simu chini, na Bi Mkasi akiiweka simu chini ujue kuna jambo. "Makusudi? Kuficha nini?" Nikasema sijui. "Dada, wewe unajua kitu." Nikasema ngoja nitazame maji yasije yakafurika, na jiko hata sikuwa nimeliwasha.

Jumamosi hiyo akatangaza hewani kwamba wiki inayofuata atawaambia wasikilizaji lile bega linaficha nini. Sasa watu wanapiga simu kituoni kubahatisha, huyu anasema mimba, yule anasema kapigwa na mumewe, na bosi wake kafurahi mpaka anataka kumwongezea muda wa kipindi. Nikimwambia ukweli ili aache, nimevunja kiapo, na mdogo wangu nampenda lakini mdomo wake umeajiriwa. Nikimkataza bila sababu, ndio atazidi kuchimba. Nikinyamaza, atachimba vilevile. Mteja wangu hajapiga simu, na mlango wa nyuma ukigongwa nadhani ni yeye. Nifanye nini? Halafu uniambie ukweli, kwani fundi akitetea kazi yake nzuri kuna ubaya gani?

Ni mimi,
Fundi wa Mlango wa Nyuma


Dada yangu Fundi,

Kwanza niseme na wasomaji. Fundi alilipata jibu hili kwa simu kabla ya Jumamosi yake. Tunalichapa leo, muda umepita, kwa ruhusa yake na ya mteja wake. Gauni halikuwa la kijani, bega halikuwa bega, Bi Mkasi haitwi Bi Mkasi, na huenda hata redio si redio. Kwa hiyo mliokwisha kuzishika simu zenu mkuze picha, ziwekeni chini.

Sasa wewe. Umeapa kunyamaza, kisha ukakaa ukaniandikia mimi, mtu wa gazetini usiyenijua, aya nzima ya kilichoko mwilini mwa mgeni wako. Nimeikata na kuichana. Unamsingizia mdogo wako mdomo, na wa kwako je?

Unauliza kuna ubaya gani kutetea kazi nzuri. Naamini ilikuwa nzuri, na nakuonea huruma. Mtu ashone kitu kilicho bora kuliko vyote alivyowahi kushona, asiruhusiwe kusema ni chake, kisha akisikie kinachekwa jikoni kwake na mtoto aliyemlea mwenyewe! Inauma, hata mimi ingeniuma. Lakini tusidanganyane. Lile bega lilipewa kazi moja tu, lisiulizwe. Mtu akilitazama akasema fundi huyu hovyo, akaendelea na ya kwake, bega limemaliza kazi. Kejeli ya mdogo wako ndiyo iliyokuwa sifa yako, na wewe uliikataa kwa sababu haikuja na jina lako.

Haya, fanya hivi. Leo usifungue duka. Nenda kwa mteja wako, umwambie mwenyewe kabla hajayasikia kwa wapiga simu. Usianze na "mdogo wangu kasema." Anza na "mimi nilisema." Atakasirika, mwache akasirike, na usitangulie kulia ukamgeuza yeye ndiye wa kukubembeleza. Muulize anataka nini. Atakalolisema ndilo hilohilo, hata likiwa asikuone tena.

Akikuruhusu, toka hapo nenda kwa mdogo wako. Mwambie, "Gauni lile nimeshona mimi." Basi. Akisema, "Dada, unanificha kitu," mjibu, "Ndiyo, nakuficha." Amekula mkononi mwako, analijua neno lako likiwa la mwisho. Na kwa kuwa ameshawaahidi wasikilizaji wake, mpe cha kuwapa: awaambie kwamba lile bega lilikuwa linamficha fundi mbovu, amemtafuta akamkuta, kumbe ni dada yake. Watacheka mpaka Jumamosi nyingine na simu za kubahatisha zitakoma.

Nanyi wengine mnaochambua mavazi, sijasema mwache. Mtu akichagua nguo akaipeleka mbele ya kamera, ichambueni, nami nitacheka pamoja nanyi. Mwisho wenu ni kitambaa. Mkifika kwenye ngozi, simameni. Na ile hafla, kwa taarifa yenu, iliandaliwa kwa ajili ya wagonjwa. Katika simu zote zilizopigwa kituoni, sijasikia hata moja iliyouliza wagonjwa walipata nini.

Fundi, najua nimekupa dawa chungu. Wateja kadhaa watakukimbia, na mafundi wenzako watakutania barabarani. Utatamani kufungua mdomo uwaeleze lile bega lilivyoshonwa, na itakuwa kila siku. Kila ukitamani, mkumbuke yule mwanamke alivyosimama nyuma ya pazia lako. Alivua mbele yako ili asivuliwe mbele ya watu wote. Ulitaka jina lako likae kwenye lile gauni, na sasa litakaa. Litakaa kama jina la aliyeliharibu, na wewe utaitika.