Yai Bila Alama za Mama

Jumatatu, 3 Juni
Nimeosha ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, nimeanika. Mwanangu Zaina yuko ndani, anatapika tangu asubuhi. Mimba ya miezi mitatu, tumbo kama la sita. Mtaa wetu mzima wa Nyakabiga unasema mapacha. Mama wa mume wake ameshawaita Bukuru na Butoyi, majina tunayowapa mapacha. Mi pia nimeshona kofia mbili. Lakini leo ameona damu kidogo. Naogopa. Mimba mbili za kwanza zilitoka.

Jumatano, 5 Juni
Ekografi, kipimo cha picha ya tumbo. Hakuna mtoto. Si wawili, si mmoja. Daktari anaita mimba zabibu: kondo la nyuma linavimba vishada vishada, linakua peke yake. Akauliza zile za kwanza zilitokaje. Hivyohivyo, nikasema. Hatukujua. Wamemsafisha kizazi leo. Damu yake itapimwa kila wiki isije ikawa kansa. Nyingine imepelekwa Ulaya kutafuta chanzo. Nimemleta kwangu apone.

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe wake amekuja. Hakukaa. "Mama Zaina, mutoto wangu anatafuta mama wa watoto. Apana mugonjwa." Nikamwambia punguza sauti, huyo mgonjwa anasikia. Saidi, mume mwenyewe, haonekani. Gereji yake ya mtaa wa Asiatique anaifungua kila siku, watu wanamuona.

Ijumaa, 12 Julai
Homoni ya mimba kwenye damu ya Zaina inashuka vizuri. Saidi hajaja.

Jumanne, 27 Agosti
Jibu la Ulaya limefika. Saidi aliitwa, akaja, akakaa karibu na mlango.
Daktari alieleza polepole. Mtoto anapata urithi wa baba na wa mama, kila upande na alama zake. Za mama zinawekwa wakati yai linaiva. Za baba zinasukuma kondo likue, za mama zinalizuia, ndipo mtoto anajengeka. Mayai ya Zaina yanaiva bila alama. Mimba inakua kama ina baba wawili, mama hayuko.
Mama hayuko. Neno hilo limenikaa kifuani.
Na kasoro imetoka kwetu. Nusu kwangu, nusu kwa marehemu baba yake. Sisi haikutugusa. Mi nilizaa watatu. Nimelia palepale mbele ya daktari.
Kwa yai lake, kuzaa ni kama haiwezekani. Yai la mwanamke mwingine lingeweza, nchi za mbali. Zaina akatikisa kichwa: dini yetu hairuhusu. Saidi akatoka bila kuaga.
Namchukia leo. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 7 Septemba
Saidi amekuja. Mikono bado ina mafuta ya gari.
"Mama, nimekuja kuchukua bibi yangu."
Na mama yako?
"Nimemwambia. Amekasirika."
Na watoto?
Akafuta mikono kwenye suruali. "Sijui, mama. Nilishindwa kulala kwenye ile nyumba bila yeye."
"Miezi mitatu ulilala wapi?" Zaina kutoka chumbani. Saidi aliinamisha kichwa tu. Nikasikia Zaina anakunja nguo.
Wameondoka kabla ya magharibi. Saidi kabeba mfuko. Nimesimama mlangoni mpaka wamekata kona. Sijui kama ataweza kukaa bila mtoto miaka yote. Leo amekuja.