Baba, Tumelitoa Lile Sinki Lako

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kaa vizuri huko uliko, maana habari niliyonayo ungeisikia ukiwa hai ungeruka: lile sinki lako la kuogea, lile la chuma lenye miguu minne, tumelitoa. Usinikatize! Ulikuwa na tabia ya kumkatiza mtu kabla hajafika katikati, halafu unacheka peke yako. Leo nitasema mpaka mwisho na wewe utanisikiliza.

Nianze na siku lilipokuja. Mimi nilikuwa msichana mkubwa wa kutumwa popote, mdogo wangu Naftali bado ananyonya, yuko mgongoni kwa Mama. Uhuru ulikuwa mpya, na yule mzungu wa shamba la kahawa kule chini alikuwa anafungasha kurudi kwao. Watu wenye akili zao walikwenda kwake wakarudi na mabati, majembe, mashine ya kumenyea kahawa. Wewe ulitoka asubuhi unamvuta beberu wetu, yule mkorofi aliyekuwa anawapiga watu pembe, ukarudi jioni huna beberu, una sinki la kuogea. Wanaume wa ukoo mzima walikuwa wamelibeba juu ya miti, wanapandisha mlima kwa nyimbo kama wanaleta bibi harusi. Mama alikuwa anamkatia ng'ombe mgomba. Alisimama na panga mkononi, akatazama, akaendelea kukata.

Unamkumbuka yule mzee wa kihamba cha jirani, shamba la migomba lililopakana na letu? Alilizunguka, akaligonga kwa fimbo, akatega sikio, akauliza, "Sasa mbege ya kwanza tunakuja kunywa lini?" Maana huku kwetu chombo kikubwa namna ile kina kazi moja tu, kutengenezea pombe ya ndizi. Ukatunisha kifua, ukasema, "Hili si la mbege. Hili ni la mama watoto. Ataoga amelala." Loo! Yule mzee alicheka mpaka akashika mgomba. "Alale majini? Kwani anaumwa?" Na wewe ukacheka nao, lakini hukulifuta neno lako.

Mama alifanya inavyompasa mwenye nyumba. Aliwaletea wabebaji mbege yao, kibuyu kikazunguka, akakushukuru mbele ya watu kwa sauti ya kusikika. Mumeo amekuletea kitu, wanaume wamekibeba toka barabarani, jasho linawatoka. Utasema nini zaidi ya asante? Sisi watoto tukajua Mama amefurahi. Kila mtu akajua hivyo, na wewe ukajua hivyo kuliko wote.

Ukaliweka nyuma ya nyumba, pale ulipouchimba mteremko ukapata sehemu tambarare. Ukalizungushia ukuta wa mawe, ukapiga bati, ukachimba mtaro wa kupeleka maji machafu kwenye migomba. Migomba ile, Baba, ilitoa mikungu ya kuvunja mgongo. Mama mchungaji alipokuja kutembea alikuwa anaomba ndizi za "kule bafuni."

Ila maji ndiyo yalikuwa shughuli. Bomba la kijiji lilikuwa bado ndoto. Maji tuliyachota kwenye mfongo, ule mfereji wa wazee wetu unaotoka msituni na kugawanywa kwa zamu, na kuchota ilikuwa kazi ya wanawake na wasichana. Mimi nilipoliona lile sinki nilihesabu kimoyomoyo safari za kulijaza nikataka kulia. Jumamosi ya kwanza nikachukua ndoo yangu, uso umenivimba. Ukaninyang'anya. "Sinki nimelileta mimi," ukasema, "maji yake nitachota mimi."

Tukafikiri unatania. Mwanaume mzima, mzee wa kanisa, na debe la maji begani, unapanda kutoka mfongoni mchana kweupe! Wanawake waliokuwa wanafua waliacha kufua. Maneno yakapita kila kihamba: amelishwa kitu huyu, si bure. Bibi, mama yako, alikuja mwenyewe kumuuliza Mama amekupa nini. Wewe ulikuwa unawasalimia wote kwa sauti, "Habari za mchana, kina mama!" huku maji yanakumwagikia shingoni. Na kila Jumamosi ulirudia, ukachemsha madebe kwenye moto, ukamimina, ukapima joto kwa kiwiko, ukaita, "Mama Ndeshi! Tayari!"

Mimi ndiye Ndeshi, jamani, na mpaka leo nikiisikia "Mama Ndeshi" ninageuka.

Katika nyumba nyingine baba alioga kwanza. Kwetu alianza Mama, tukafuata watoto, wewe ukamalizia na maji ya kijivu, umekunja miguu yako mirefu, unaimba besi ya kwaya mpaka kuku wanahama. Nilikuuliza siku moja kwa nini uoge uchafu wetu. Ukasema, "Mimi ndiye mchafu kuliko wote, yatanivumilia." Hata miaka ile sabuni ilipoadimika, Mama akawa anakata mche kwa uzi na kuficha vipande kwenye pipa la ulezi, Jumamosi yetu haikufa. Nilikuwa na furaha, Baba. Nakwambia sasa kwa sababu wakati ule sikujua kwamba ni kitu cha kuambiana.

Basi ukatuacha. Mimi nilikuwa nimeshaolewa Himo, Naftali amepata kazi mjini na nyumba ya kupanga huko huko, mtaa wa Soweto, Mama amebaki na ng'ombe wake, kahawa, na mimea ya masale inayozunguka kaburi lako. Asubuhi akitoka nje anaanza na wewe, anang'oa majani, anakueleza nani amezaa na nani ameuguza. Halafu ndiyo anakwenda kwa ng'ombe.

Msimu wa baridi uliopita akaanguka. Alikuwa anatoka kwenye sinki, mguu mmoja ndani mmoja nje, na unajua kile chuma kikilowa kinavyoteleza. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, ila goti halikurudi kama zamani. Tangu hapo hakuweza kuingia wala kutoka bila kushikwa. Nikawa ninapanda kutoka Himo kumwogesha. Nilidhani ninafanya jambo zuri, na lilikuwa zuri, lakini ungemwona! Mama yule anayewafokea wanaume wa chama cha ushirika kwenye mizani ya kahawa, akiwa mbele yangu bila nguo alikuwa anafumba macho. Anafumba mpaka nimalize. Mimi naongea upuuzi wowote, bei ya nyanya, mvua, ilimradi pasiwe kimya.

Naftali akaja na uamuzi tayari. "Mama anahamia kwangu Soweto. Kule bafu liko sawasawa na sakafu, anaingia mwenyewe." Mtoto ni mtoto wako, anaongea kama amepanda jukwaani. Mama alimsikiliza, akatazama kule kwenye masale, akasema, "Kama ndivyo mlivyoona." Basi. Hakukataa. Naftali ni kitinda mimba, nyumba hii kwa desturi yetu ni yake, na Mama hawezi kumpinga mwenye nyumba mbele ya dada yake. Lakini mimi nilijua: tukimshusha yule mama mjini, tutakuwa tumemng'oa. Angekaa Soweto kwenye kochi, msafi kabisa, akifa polepole.

Nikasema, "Kama shida ni sinki, tutoe sinki. Tuweke bomba la mvua. Aoge amesimama, au akae kwenye kigoda, maji yamshukie." Nililiona kwa mwalimu mmoja kule Himo, kitu chepesi tu. Weee! Naftali alisimama. "Kutoa sinki la Baba? Dada, si bora useme tumtoe Baba mwenyewe? Mama alilipenda lile sinki kuliko kitu chochote alichowahi kupewa!" Na kwa kweli ndivyo tulivyojua wote. Nilikwenda bafuni nikaingia ndani ya sinki na nguo zangu, likiwa kavu, nikakaa. Nikakuona umekunja magoti. Nikasema, siwezi. Halafu nikamkumbuka Mama amefumba macho, nikasema, nitaweza.

Nikaleta fundi bomba kutoka Majengo aangalie tu, bila ahadi. Mzee mpole, akazunguka na kamba yake ya kupimia, akapima mlango, akapima sinki, akapima tena mlango. Akatugeukia. "Samahani, hili liliingilia wapi?"

Baba! Ulijenga bafu kulizunguka sinki! Mlango wako ulikuwa mwembamba kuliko lenyewe, na miaka yote ile hakuna aliyeona, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri litatoka. Naftali akapiga makofi, kwake yalishakwisha. "Mnaona? Baba mwenyewe hataki litoke! Hatuvunji ukuta wa Baba."

Ndipo tukasikia kutoka jikoni, "Vunjeni."

Mama alikuja na fimbo yake, hatua moja moja, akasimama mlangoni. "Nilimwambia siku ile ile aliyokuwa anajenga. Nikamwambia, mume wangu, mlango ni mdogo. Akanikatiza." Fundi akajidai anafunga kamba yake. Naftali akaanza, "Lakini Mama, ulilipenda..."

"Nani amekwambia?" Alicheka, kile kicheko chake cha puani. "Mimi kulala kwenye maji kama ndizi za mbege, nilipende kwa lipi? Mgongo unaganda, sabuni inapotelea chini. Nilishukuru kwa sababu watu walikuwa wamesimama. Kisha Jumamosi ikafika, nikamwona baba yenu anapanda kutoka mfongoni na debe, wanawake wote wanamcheka, na yeye anawasalimia. Mngekuwa nyinyi mngesema hamlitaki?" Akalipiga sinki teke kidogo na ule mguu mzima. "Ningeoga hata kwenye jiwe. Nilipenda aliyekuwa anachota. Huyo hayumo humu ndani, yuko pale nje, na ninyi mnataka kunihamisha."

Naftali alikaa kwenye ukingo wa sinki, kijana na tai yake, akalia. Mama akamwacha alie kidogo, kisha akamwambia, "Vua shati, ushike nyundo."

Tulivunja, Baba. Mawe yako yalikuwa magumu, ulijenga kama mtu anayeogopa sinki litatoroka. Wanaume wa jirani wakaja tena kulibeba, watoto wa wale waliolipandisha, na Mama akawatolea mbege tena. Sasa liko nje kwenye bomba la kijiji, ng'ombe wananywea. Yule mweusi anaweka kidevu ukingoni anasinzia humo, ametulia kabisa. Nadhani ni wa kwanza katika boma hili kulipenda kwa dhati.

Fundi amejenga upya, sakafu imelala sawasawa, mlango mpana mpaka nikamuuliza kama anataka gari lipite. Pipa limekaa nyuma, kule ardhi ilikopanda, mdomo wake uko usawa wa kiuno cha Mama. Anamimina maji ya moto kibuyu kwa kibuyu bila kupanda popote, na ndani yanamshukia kichwani. Kuna kigoda, kuna nondo ya kushika ukutani, na koki ya maji iko mkono wa kulia.

Jumapili iliyopita tulizindua. Naftali alikuja na mkewe. Mimi nilikuwa nimejifunga kanga kiunoni, taulo begani, kitambaa cha kusugulia mkononi, tayari kwa kazi kama siku zote. Mama akaingia. Nikamfuata. Akageuka.

"Unakwenda wapi?"

"Kukuogesha, Mama."

"Nipe taulo." Akalichukua begani kwangu. "Mumeo amekula?"

"Bado, Mama, lakini..."

"Basi nenda Himo ukampikie."

Akafunga mlango. Kisha nikasikia komeo linapita, kra, kutoka ndani. Maji yakaanza kumwagika, na Mama, ambaye tangu nizaliwe alikuwa anaimba kanisani kwa kunong'ona, akaanza kuimba kwa sauti yake yote. Nilibisha hodi nikamuuliza kama yuko salama. Akaniambia niache kupoteza muda mlangoni mwa watu. Nikabaki pale nje na kitambaa mkononi, sina kazi, ninacheka na machozi yananitoka, kwa sababu mama yangu amenifungia mlango.

Nimeshuka Himo nikampikia mume wangu. Pumzika, Baba. Mama hatahama.

Binti yako aliyekatizwa sana,
Ndeshi