Dawa Moja, Siku Moja: Mbona Mke Wangu Kapona na Mimi Bado?

Mshauri, kama umenizidi umri shikamoo, kama mimi ndiye mkubwa basi tusalimiane tu. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na saba, elimu yangu darasa la saba, nachimba dhahabu huku Rwamgasa, na nimemfanyia mke wangu jambo ambalo nikilikumbuka nasikia aibu, lakini kabla hujanigombeza nataka unijibu swali moja, maana hilo swali ndilo lililoniharibia nyumba.

Mimi na Mama Marcel tuliugua TB. Mimi nilianza kukohoa kabla ya zile mvua za Elinino, nikasema ni vumbi la duarani, yaani kwenye shimo letu la dhahabu, kule kila mtu anakohoa, nikaendelea kushuka na kupanda na sigara yangu mdomoni mpaka siku nikaona damu kwenye makohozi. Yeye alianza wakati wa kupanda mpunga, hata mwezi haujaisha akasema Baba Marcel mimi naenda kupima na wewe unaenda, akanishika mkono kama mtoto, tukapimwa siku moja, tukakutwa nayo wote, tukaanza dawa siku moja, dawa zile zile, nesi yule yule.

Sasa sikiliza. Miezi miwili ikaisha tukapimwa tena, Mama Marcel safi, mimi bado. Nesi akaniongezea mwezi, bado. Juzi nimepimwa, huu mwezi wa tano tangu tuanze, bado wadudu wamo. Mpimaji ni mtu mzuri, akaniruhusu nichungulie kwenye ile mashine yake, nikaona vijiti vyekundu vidogo vimejilaza kwenye rangi ya buluu, nikamwuliza, hawa ni wale wale wa siku ya kwanza au wamezaliwa wengine? Akacheka, akasema, "Mzee, hao hawavai namba." Tangu hapo kichwa changu ni maswali tu. Je ni umri, maana yeye hajafika arobaini? Je damu ya mwanaume ni nzito, dawa inachelewa kupita? Je lile joto la chini ya ardhi ndilo linalowalea? Na mbona nyumbani mimi ndiye niliyekuwa nawekewa nyama na maziwa kwa sababu ya ugonjwa, yeye anakula uji na michembe, vile viazi vya kukausha, halafu afya ikaenda kwake?

Na usije ukaniambia sikumeza dawa, nimemeza, nesi alitaka twende kila asubuhi tumeze mbele yake, Mama Marcel akawa anakwenda kwa miguu na mtoto mgongoni, lakini mimi nilimbembeleza nesi kwamba kwangu ni mbali, akanipa vidonge vya wiki nzima nivimezee huku. Duarani nilikatazwa kushuka, nikatii, nikahamia kazi nyepesi ya kukaa, natwanga mawe makavu chini ya turubai. Vidonge viliisha kila wiki kama alivyotaka, ila vingine nilimgawia Makoye, huyo tumechimba naye miaka tisa, aliniona nakojoa nyuma ya turubai, mkojo mwekundu, zile dawa ndivyo zinavyofanya, akaniambia, "Kaka, siku hizi unakojoa Fanta?" Nikamweleza. Na yeye anakohoa muda mrefu ila anaogopa kupima wasimtoe duarani. Akasema, "Tunagawana mawe, tunagawana mpaka kipisi cha sigara, leo dawa ndo unakula peke yako?" Hapo ungesemaje mshauri? Kwetu mtu akipata kitu akala peke yake, wenzake hawashuki naye tena. Basi kila Jumatatu namhesabia nusu.

Sasa nije kwenye aibu yenyewe. Dada yangu Esta alikuja kuniangalia, akamkuta Mama Marcel anachambua mchele, mashavu yamerudi, mimi nimekaa pale kama fito. Akamwambia, "Wifi, mbona wewe unanawiri huku mwenzio anakwisha? Umekula nini ambacho kaka yangu hajala?"

Mama Marcel akasema, "Dawa, wifi. Nimekula dawa."

"Na yeye anakula majani?"

"Mwulize mwenyewe, si huyo hapo."

Esta hakuniuliza. Akasema amekwenda kwa mganga, na mganga amesema kuna mtu ndani ya nyumba hii amechukua uhai wa mwenzake akamwachia ugonjwa wake. Mama Marcel akaacha ungo, akaniangalia, akasema, "Baba Marcel, ongea." Mshauri, mimi sikuongea. Siyo kwamba niliamini sana, ila lile swali lilikuwa halina jibu, na jibu la Esta ndilo pekee lililokuwepo. Nikajifanya nakohoa. Asubuhi yake akafunga mzigo, akamchukua mtoto mdogo, akaenda kwao karibu na Kolandoto, Marcel kabaki na mimi kwa sababu ya shule.

Mpunga ukishavunwa wazee wa ukoo wetu wanakwenda huko kuivunja ndoa, Esta ndiye anayewahimiza. Mimi mke wangu namtaka. Lakini wataniuliza kilichomponya yeye kikaniacha mimi ni nini, na sina la kuwaambia. Naomba uniambie, kweli afya ya mtu inaweza kuhamia kwa mwingine?

Baba Marcel,
Rwamgasa, Geita

MSHAURI ANAJIBU

Baba Marcel, marahaba, maana nimekuzidi. Pole kwa kuumwa, na pole zaidi kwa Mama Marcel ambaye kosa lake ni kupona.

Jibu ni hapana, afya haihami. Maswali yako lakini ni mazuri, kuliko yote ya dada yako, na nimeyapeleka kwa daktari wa kifua. Anasema watu wawili wanaweza kuanza dawa siku moja wakapishana miezi, na sababu ziko nyingi. Ya kwanza ni ulikohoa muda gani kabla ya kwenda. Mkeo alikwenda akiwa na wadudu wachache, mapafu bado mazima. Wewe ulisubiri damu, na wakati huo huenda mapafu yako yalishapata mashimo, na wadudu waliojificha humo dawa inawafikia kwa shida. Halafu kuna hiyo miaka uliyovuta vumbi la mawe, na sigara juu yake. Umri nao unaweza kuchangia. Kuna kisukari, na kuna UKIMWI, hivyo vyote vinaweza kuchelewesha, kwa hiyo ukifika kituoni omba wakupime, usiogope. Joto la shimo sahau, na hiyo damu nzito sijui umeitoa wapi. Nyama na maziwa vinasaidia mwili, ila haviui mdudu. Kila kimoja kimekuchelewesha kwa kiasi gani, daktari hajui, na mimi siwezi kujua zaidi yake.

Ila mambo mawili hatuhitaji daktari kuyaona, na yote umeyaandika wewe kwa mkono wako ukayapita mbio.

Hiyo kazi unayoiita nyepesi ya kukaa siyo mapumziko. Umetolewa kwenye vumbi la chini ukaenda kulitengeneza jingine la juu, ukakaa nalo chini ya turubai. Nesi alikukataza shimo kwa sababu ya kifua chako, sasa wewe ulifikiri mawe yakipondwa yanatoa nini?

La pili ni Makoye. Unasema vidonge viliisha kila wiki. Ndiyo, viliisha, kwenye matumbo mawili. Unataka kujua mwenzio alikula nini ambacho wewe hukula? Alikula dawa nzima. Alitembea kila asubuhi na mtoto mgongoni akameza mbele ya nesi, wewe ukakaa na nusu ukashangaa kwa nini umepona nusu. Najua ulifanya kwa moyo mwema, na najua ukarimu wa duarani unavyowashika. Lakini mawe mkigawana kila mmoja anaondoka na kitu. Dawa hii mkigawana hakuna anayeondoka na kitu, isipokuwa wadudu, maana wakipigwa nusu nusu wanaizoea, na kesho hata dozi kamili inaweza isiwatishe. Na Makoye anashuka kila siku kuwakoholea wenzake kwenye hewa ile ile. Hukumsaidia rafiki yako, umemsaidia kuchelewa.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi nenda kituoni na Makoye, akigoma mwambie nesi jina lake, akinuna ni heri. Mwambie nesi habari ya nusu dozi kwa mdomo wako, usipunguze neno. Atakugombeza, vumilia. Huenda wakakubadilishia dawa, huenda makohozi yako yakapelekwa hospitali kubwa kuangalia dawa ipi bado inawaua. Itachukua muda gani siwezi kukuahidi, ila kuanzia hapo ukameze mbele yake, hata kama ni kutembea. Nyundo na kinu mpe mtu mwingine, na umweleze kwa nini ayamwagie mawe maji kabla ya kuyatwanga. Marcel apimwe. Yule mdogo aliyeko Kolandoto naye apimwe, na hospitali wanayo hapo hapo jirani. Nyumbani lala chumba chako peke yako, madirisha wazi.

Kwa wakwe usiende sasa. Najua unatamani kukimbia huko leo, lakini bado unaambukiza, na gari zima litavuta pumzi yako. Badala yake waite wazee wako, mkae uwanjani penye upepo, wewe ukae mbali kidogo, Esta awepo. Waambie ulichelewa kupima, ulivuta vumbi, uligawa dawa, na mkeo hakugawa. Waambie hakuna kikao cha kuvunja ndoa, na asiyekubali akuulize wewe, asimwulize mganga. Kisha Esta, kwa sababu yeye ndiye aliyesema maneno yale, apande gari aende Kolandoto akayafute mbele ya wazazi wa Mama Marcel. Mdogo wako wa kiume kama unaye amsindikize, asije akageuza maneno njiani.

Usimwombe Mama Marcel arudi kesho. Mwombe msamaha, umpe habari ya makohozi yako kila unapopimwa, nzuri au mbaya, na umwachie yeye aamue. Anaweza kukataa. Alifanyiwa ubaya ndani ya nyumba yake, na wewe ulikuwepo. Akikataa, utaumia, na asubuhi yake utaamka uende kituoni ukameze dawa, zote.