Picha Inayochelewa

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kiwandani na unga kwenye nyusi. Sijaoga. Naandika kwanza, maana nikioga nitalala.

Leo alikuja dada wa mazoezi kutoka hospitali, yule mrefu anayevua viatu mlangoni hata ukimkataza. Alimkunjua mdogo wangu vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, taratibu. Halafu akamwachia. Kidole gumba kikajikunja chenyewe! Tangu kiharusi kimpige hatujaona hilo. Mama akajifunika uso kwa mtandio. Mimi nikajifanya natafuta soksi chini ya kochi.

Dada wa mazoezi akauliza mgonjwa wetu anapenda nini. Ule mpira wa sponji hautaki, anasema wamempa kitu cha kuchezea watoto wanaoota meno. "Napenda winchi," akajibu, mdomo bado umevutika upande. Ndiyo kazi yake. Huendesha winchi kwenye majengo marefu, na wenzake humwita Mwewe kwa vile hushinda juu akitutazama sisi wengine kama vifaranga. Nilidhani dada atacheka. Hakucheka. Kasema basi tutafute kitu cha kushika na kusukuma kama winchi, hata mchezo wa kompyuta. Mkono ukiwa na hamu, anasema, hausubiri kubembelezwa.

Namshukuru Mungu kwa yule dada. Na kwa kidole gumba.

Jumatano, 5 Machi

Mchezo umepatikana. Wifi yangu, mke wa Mwewe, kautafuta na kuupata: helikopta inayobeba mizigo kwa kamba. Unainua, unazungusha, unashusha mahali palipochorwa duara. Mwewe kaona picha yake tu kwenye simu, macho yakamtoka.

Tabu ni kompyuta. Ni ya kazi ya Wifi, iko chumbani kwao, imeungwa na mashine ya kuchapia kadi za harusi. Ukisogeza kitu pale, rangi zinaharibika na maharusi wa watu wanatoka na nyuso za kijani. Na mle chumbani Mwewe hawezi kukaa. Kile kiti hakina mikono, akikaa kidogo anaanza kuinamia upande kama mkungu uliozidi uzito. Anakaa vizuri kwenye kochi la sebuleni tu.

Nikasema basi, imeshindikana. Wifi akaniangalia. "Kompyuta ibaki," akasema. "Picha ndiyo ihame."

Kaweka apu kwenye runinga, akaweka nyingine kwenye kompyuta, akaandika namba zilizotokea, akazunguka huku na huku na simu mdomoni kama msumari wa fundi. Mara sebuleni pakatokea kioo cha kompyuta chote, kikubwa, na kadi ya harusi ya mtu katikati. Mama akauliza imepita wapi. Hewani, Mama. Akatazama dari muda mrefu, akasema kumbe ndiyo maana kichwa kinamwuma.

Jumamosi, 8 Machi

Leo tumetazama video ya harusi ya Mwewe na Wifi. Miaka yote imekaa kwenye kompyuta, haikuwa na mtu wa kuikodolea macho kwenye kile kioo kidogo. Sasa imejaa ukutani.

Sikukumbuka kwamba Baba, Mungu amrehemu, yumo. Anapita nyuma ya meza ya keki na suruali yake pana, anamsukuma mpiga picha kidogo, anachukua soda, anaondoka. Hajui kama anapigwa picha. Mama akasema rudisha. Wifi akarudisha. Baba akachukua soda tena. Tumemchukuza soda mpaka tukachoka kucheka, halafu tukabaki tukimtazama tu. Alitembea vizuri, Baba.

Kisha picha ikaganda, yakatokea maandishi. Mama, ambaye husoma kila kitu kwa sauti, akasoma: "Wifi yako ni dhaifu. Sogeza karibu." Akanigeukia mimi. Nani kaandika hivyo? Dhaifu wapi, na tangu alfajiri hajakaa chini? Nikamweleza kwamba ni mtandao, hutamkwa vingine. Hakuridhika. Kasema hata kama ni mtandao, wasitumie jina la mtu.

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. Siku nzima anajiita Dhaifu. "Dhaifu anakwenda sokoni, mnataka nini?" Sijamsikia akicheka hivyo tangu Mwewe aanguke. Nashukuru kwa ujinga wa ile runinga.

Jumatatu, 10 Machi

Mwewe kacheza. Ile pedi ya mchezo, isiyo na waya, yenye vijiti vya kusukuma kwa vidole gumba, imetulia mapajani, mkono wa kushoto unasaidia, wa kulia unasukuma. Helikopta imeinuka vizuri. Halafu ikagonga jengo. Akaanza upya. Ikagonga. Akaanza upya. Ikapita duara, ikagonga mnara.

Tukamwambia ndiyo kwanza anaanza. Akaanza upya.

Alhamisi, 13 Machi

Sipendi kuandika leo.

Mwewe kaweka pedi chini. Anasema amejipima vya kutosha. Anaona jengo, anasukuma, anajua kabisa amesukuma, na helikopta inageuka baadaye, imeshagonga. Mkono haumsikii kwa wakati. Unafanya unachoambiwa, ila umechelewa. "Dada," akaniambia, "kwenye winchi ukichelewa hivyo, kuna mtu chini."

Akaomba simu. Anataka kumwambia Kofia, msimamizi wao, kwamba ile nafasi ampe mwingine. Kofia amemwekea siku zote hizi, huwa anabadilisha madereva wa muda tu. Nikasema simu haina chaji. Ilikuwa na chaji.

Ijumaa, 14 Machi

Mwewe hataki hata kuiona pedi, nimeiweka juu ya kabati. Kala kidogo. Wifi kachapa kadi mchana kutwa, mlango kaufunga.

Jumapili, 16 Machi

Ngoja niandike kwa mpangilio.

Mchana Mama kaona pedi imelala juu ya kabati, akasema hawezi kuvumilia kitu cha hela kulala bure. Kaichukua yeye! Kakaa kwenye kochi, miguu haifiki chini, akamwambia Mwewe amfundishe. Mwewe hakutaka, lakini Mama akishaomba kitu humkatalii. Akaanza kumwelekeza bila hamu. Inua. Mbele. Sasa geuza, Mama, kuna jengo.

"Nimegeuza."

"Geuza, Mama."

"Nimeshageuza mimi! Hii ndege kiziwi."

Ikagonga. Mama akadai arudie. Ikagonga tena, na tena akasema ameshageuza. Mwewe akatabasamu kidogo, akasema huu ni mchezo wa vijana. Lakini Mama mikono yake mizima. Mama anapepeta mchele na kutunga sindano bila miwani.

Mimi nilikuwa kwenye korido na kapu la nguo. Pale nilipokuwa nimesimama naona milango yote miwili: kushoto chumbani, kompyuta ya Wifi inawaka, kulia sebuleni, runinga. Helikopta mbili. Na hazikuwa pamoja. Ya chumbani ilishapita jengo, imegeuka vizuri kabisa, wakati ya sebuleni ndiyo kwanza inalikaribia.

Nikadhani macho yangu. Nikasema: "Mama, sukuma kushoto, halafu usiguse kitu."

Akasukuma. Ya chumbani ikageuka papo hapo. Nikahesabu moyoni moja, na hapo ndipo ya sebuleni ikageuka.

Nikaita Wifi. Nikaita Mwewe. Sijui niliitaje, maana Wifi alikuja na mkasi mkononi akidhani kuna nyoka. Mwewe akainuka na fimbo yake, Wifi kwapa moja, mimi kwapa jingine, tukamfikisha koridoni akaegemea mwimo wa mlango. Mama akampa pedi. "Tazama chumbani tu," nikamwambia. "Usitazame sebuleni."

Akasukuma kwa kidole gumba, kile kile. Helikopta ikageuka.

Akasukuma tena. Ikageuka tena, pale pale, kama vile imefungwa uzi kwenye kidole. Kushoto. Kulia. Juu. Si mara zote, kuna mara kidole kiliteleza, lakini kila kiliposukuma, ilitii saa hiyo hiyo. Nyuma yetu ile ya sebuleni ikaja inafuata, inagongagonga.

"Haujachelewa," akasema.

Wifi akakaa chini sakafuni. Akaanza kujilaumu kwamba angejua; video zilikuwa safi, hakuwaza. Video hakuna anayeijibu, kasema, hata ikichelewa nani atajua. Mchezo unajibiwa. Mwewe akamwambia anyamaze, akamwekea mkono kichwani. Mkono wa kulia. Kausogeza mwenyewe kutoka kwenye pedi mpaka kwenye nywele za mkewe, safari ndefu, sote tunauangalia.

Mama akauliza basi aliyekuwa anachelewa ni nani. Wifi akajibu palepale chini: "Ni Dhaifu, Mama."

Jumatatu, 17 Machi

Wifi kanunua waya mrefu, kauvuta kutoka kwenye kompyuta, ukapita juu ya mlango, korido yote, mpaka kwenye kile kisanduku cha mtandao sebuleni. Kasema nusu ya safari iende kwa miguu, hewani ibaki hatua chache tu. Kisha kapunguza ukubwa wa picha, na kwenye runinga kakuta mahali pa kuiambia kwamba huu ni mchezo, iache kupamba sura, ipeleke haraka. Kwenye kona za kuta waya kaubana kwa vipande vya kadi za harusi zilizoharibika. Ukitembea koridoni unaalikwa na watu usiowajua.

Si kwamba ucheleweshaji umekwisha kabisa. Lakini sasa ni mdogo, Mwewe anasema hata winchi yenyewe ina wake, ndoano husita kabla ya kufuata. Huo anaujua. Huo ndio aliolelewa nao.

Kashusha mzigo mmoja kwenye duara. Mmoja tu. Mama akapiga vigelegele, jirani akaja kuuliza nani kaposwa.

Nashukuru. Sijui nianze na nani. Dada wa mazoezi, Wifi, Mama na ukaidi wake, kapu la nguo.

Jumapili, 13 Aprili

Siandiki siku hizi, mambo mazuri yananipa uvivu. Kidole cha shahada nacho kimeamka. Mwewe anafunga vifungo vya shati. Sasa anacheza ile hatua ya usiku, ya mizigo mizito na upepo, na dada wa mazoezi akija hukaa naye kochini wakishindana. Dada hushindwa. Anasema amemwachia. Hajamwachia.

Jumatano, 7 Mei

Kofia kaja. Hatukumwita. Kaingia na helmeti yake kwapani, kama kawaida, nadhani hata kulala hulala nayo. Kakuta Mwewe anacheza. Hakusalimia mara moja. Kasimama nyuma ya kochi anatazama mzigo unavyoning'inia, na ulipoanza kuyumba, nilimwona Kofia mwenyewe kidole kinacheza kwenye helmeti, anautuliza kutoka pale. Mwewe akautuliza. Ukashuka.

Hapo ndipo akasema hodi.

Kusema kweli hakuficha kitu. Kule juu, kwenye kibanda, haiwezekani kwa sasa, pengine haitawezekana kabisa. Ngazi peke yake ni mtihani. Mwewe aliinamisha kichwa, akasema anaelewa. Kofia akasema hajamaliza. Wameleta winchi ndogo ya uwanjani, ya kupanga matofali na nondo. Dereva husimama chini, rimoti kifuani, mikono miwili. Daktari akiruhusu, aje ajaribiwe. Mkaguzi atakuwepo, na rimoti ya pili itakuwa kwa Kofia, kitu kikienda mrama anazima.

Mama kasema hapana. Kasema mtoto wake amerudishwa mara moja, hataki kumpeleka tena. Wifi kaondoa vikombe. Mwewe alimjibu Mama kwa upole sana: "Mama, nimekuwa kwenye kochi hili kutwa kucha. Nilipende vipi?"

Mama kalala mapema. Naongeza asubuhi yake: nimemkuta anapiga pasi ovaroli ya Mwewe.

Jumanne, 20 Mei

Daktari kamruhusu Mwewe ajaribiwe, nami nimeomba ruhusa kazini. Naandikia kwenye benchi la mlinzi, nje ya geti la ujenzi. Wifi yuko pembeni yangu. Mama kabaki nyumbani, kasema miguu. Si miguu.

Mwewe kaingia akitembea na fimbo, na geti halijafungwa akampa mlinzi ile fimbo amshikie. Wenzake wawili walikuja kumkumbatia, akawaambia wasimtikise, ana mitihani. Tangu hapo hatujamwona. Kati yetu na uwanja kuna uzio wa mabati, juu yake tunaona mkono wa winchi tu, wa njano, na waya na ndoano. Kutoka hapa huwezi kujua nani kashika rimoti.

Kwanza ndoano ilipanda na kushuka bila kitu. Haraka, kwa mkupuo. Wifi akasema huyo ni Kofia, anaonyesha.

Kisha pakawa kimya. Mlinzi katuletea maji ya kunywa. Nimemshukuru mara mbili, hata yeye kashangaa.

Sasa ndoano inapanda tena. Ina matofali, trei nzima. Inapanda polepole. Imesita. Imeendelea. Iko juu ya mabati, tunaiona yote. Mkono wa njano umeanza kuzunguka na mzigo umebaki nyuma kidogo, kisha ukaja, kisha ukapita, unayumba. Unayumba sana. Wifi kasimama. Mkono wa njano umeufuata mzigo, kidogo tu, upande ule ule unaokwenda. Kuyumba kumepungua. Umeufuata tena, vile vile Mwewe anavyoutuliza akiwa kochini. Mzigo umetulia hewani, hauendi kokote, na Wifi kanishika mkono huu ninaoandikia, ananibana, siwezi